Taa ya Kichuguu

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Taa imekamilika. Kichuguu cha kimo changu, udongo mwekundu wa Voi juu ya waya na katani, matundu madogo pande zote. Ukiiwasha, ukuta unajaa punje za mwanga. Nililia kidogo. Mama alichungulia, akauliza kwa nini nimewajengea mchwa nyumba ndani ya banda la kuku. Akanikumbusha: hoteli ya kando ya mbuga isipoichagua Ijumaa kupamba ukumbi wake, banda linarudi kwa kuku, nami naenda Chawia kwa shangazi Ndila kufundisha chekechea. Chekechea! Baada ya kusomea uchongaji chuo kikuu!

Jumanne, 12
Nimeona kazi ya Sylus, mshindani wangu pale hotelini. Tulisoma darasa moja, sikumbuki akiwaza. Meza, imebebwa na ndovu wa mbao. Ndovu! Hapa, ambapo ndovu wenyewe wanavunja matangi ya maji ya watu. Watalii wataipenda. Sikula.

Jumatano, 13
Mbinu imepatikana. Nilimpigia Donald, meneja wa hoteli, nikamshauri kazi zetu zitazamwe jioni, taa nyingine zote zikiwa zimezimwa, ndani na nje. Nikamwambia majumba makubwa ya sanaa hufanya hivyo. Alisita, akakubali. Gizani nani ataona ndovu? Sijivuni. Kidogo tu.

Alhamisi, 14
Mvua ya kwanza. Mama anafurahia pojo zake shambani. Nimeifunika taa kwa blanketi langu. Nitalala bila.

Jumamosi, 16
Sitaki kuandika. Naandika.
Jana jioni mvua ilikatika. Hewa ilikuwa nzuri, Donald akafungua milango yote ya ukumbi. Giza totoro. Nikawasha. Mgeni mmoja alishika kifua. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu.
Akaja kumbikumbi mmoja. Kisha wote. Kuanzia barabarani hadi mbugani hapakuwa na mwanga mwingine ila wangu. Waliingia tundu hili, wakatokea lile, kama waliofika kwao. Wakajaa kwenye supu ya wageni, na kwenye nywele za mke wa mwenye hoteli. Dinah wa jikoni alileta beseni akakusanya, akanishukuru kwa niaba ya kuku wake.
"Dada Vale, zima hiyo kitu," Donald akasema.
Nilimweleza kwamba kazi bado inajieleza. Akachomoa waya mwenyewe.
Taa za hoteli zilipowaka, wageni walikuwa wamejificha chini ya meza ya Sylus. Wakasifu uimara wake. Ikachukuliwa papo hapo.
Sylus alinisaidia kubeba kichuguu hadi kwenye mkokoteni. "Vale, masikio ya ndovu yanataka msasa," akaniambia. "Kuja Jumatatu tufanye pamoja."
Hakuwa akinicheka. Hilo ndilo lililouma. Nikakataa.

Jumatatu, 18
Kuku wamehamia. Wanadonoa taa kutafuta kumbikumbi waliosalia. Mama aliwamwagia mahindi pale nilipochongea. Afadhali angenikaripia.

Jumapili, 24
Chawia. Ukungu haujaondoka dirishani tangu nifike. Watoto wananiita Ticha na kupangusia kamasi kwenye sketi yangu. Shangazi ni mpole, na hilo linazidisha huzuni.
Nimejichunguza bila huruma, na kosa nimeliona: taa ilikuwa ndogo, na giza halikutosha. Baada ya ibada nilizungumza na mzee wa kanisa kuhusu mkesha wa Krismasi. Kichuguu kipya, kifike darini. Nimemwomba taa nyingine zote zizimwe. Na milango iachwe wazi, ili mwanga uonekane hadi bondeni.