Basi la Old Moshi Lilivyoingia Harusini

Leo nimepatikana. Mchana kweupe, mbele ya bosi, mbele ya abiria, na mbele ya bibi mmoja wa Old Moshi ambaye sidhani kama ataacha kucheka kabla ya Krismasi.

Nawaandikia ninyi wenzangu wa kozi ya usafirishaji kwa sababu ninyi ndio mlioniita Profesa wa Ratiba. Someni, kisha chomeni.

Kazi yangu mnaijua. Mkuu wa uendeshaji, mabasi ya umma, Moshi. Maana yake mimi ndiye nasema basi gani litoke saa ngapi, nani aliendeshe, lipite wapi, na likiharibika nani alaumiwe. (Hilo la mwisho ndilo linalonipa umaarufu.) Tangu nihamishwe kutoka Tabora miezi mitano iliyopita nimenyoosha mambo. Madereva wanavaa sare. Mabasi yanatoka kwa dakika. Spea hakuna, matairi ni ya kubahatisha, lakini ratiba yangu iko ukutani, imepigwa mistari kwa rula, hata kuitazama tu inapendeza.

Tatizo langu lilikuwa dereva mmoja, Elirehema. Mtu mzima, mwenyeji wa Old Moshi, amezeekea kwenye njia hiyo. Jumatatu nilipanda basi lake kumkagua. Jamani! Kila kituo anasalimia. Huyu anaulizwa kama ng'ombe amezaa, yule kama homa ya mtoto imeshuka. Na wao wanajibu, tena kwa Kichagga, tena kwa urefu! Nikaona huu ni uzembe. Jioni ile ile nikachukua rangi nyekundu, nikaandika kwa mkono wangu juu ya kiti cha dereva, basi moja baada ya jingine: NI MARUFUKU KUZUNGUMZA NA DEREVA. Jumatano nikapanda tena. Nikamkuta Elirehema anapiga soga chini ya tangazo lenyewe. Nikamsimamisha kazi siku tatu.

"Mkuu," akaniambia kwa upole, "huko juu barabara inaongelewa."

"Barabara inaendeshwa!" nikamjibu. (Niliona nimesema jambo kubwa. Nililirudia peke yangu mpaka nyumbani.)

Jana Ijumaa likaja neno kutoka ofisi ya mkoa. Dizeli ni haba, lazima njia moja ifutwe. Wakubwa wamesikia kwamba basi la Old Moshi linapanda mlima bure, halina watu. Kwa hiyo leo Jumamosi saa mbili asubuhi Meneja mwenyewe angesimama kituo kikuu alione likiingia. Likichelewa, au likija tupu, njia inafutwa. Watu wa kule juu warudie kushuka kwa miguu na mikungu ya ndizi kichwani.

Sikuogopa. Ratiba ilikuwa ukutani.

Alfajiri nafika kituoni, namkuta dereva niliyempanga badala ya Elirehema amejikunyata kwenye benchi. Malaria. Anatetemeka mpaka kofia inacheza. Dereva mwingine hakuna. Kondakta wa basi hilo, binti mmoja makini anayeitwa Manka, akanitazama.

"Mkuu, tumfuate Elirehema kwake?"

"Wa nini? Nitaendesha mimi."

"Njia unaijua?"

"Manka, ratiba ya njia hii nimeichora mimi."

"Ratiba, ndiyo," akasema Manka, akapanda.

Msinicheke bado. Leseni ninayo, na Tabora nimeendesha mabasi miaka mitatu. (Tabora ni tambarare. Ukiachia usukani ukanywa chai, ukirudi gari bado liko barabarani.) Nikapita Kiboriloni, nikaanza kupanda. Ukungu ulikuwa mzito lakini gari lilipanda vizuri, nikafika juu dakika tatu kabla ya wakati. Tatu! Nikageuza, nikakuta foleni ya watu ambayo wakubwa wa mkoa wangeiona wangetubu. Akina mama na ndizi zao za kupeleka sokoni Kiboriloni, wazee wa kliniki, walimu. Akapanda Bibi Ndeshi, ajuza mfupi mwenye kikapu cha mayai, anakwenda kumwona mwanawe hospitali.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Elirehema yuko wapi?"

Nikamwonyesha tangazo. Akalisoma polepole, herufi kwa herufi, akafunga mdomo.

Na wa mwisho kupanda alikuwa nani? Elirehema mwenyewe! Amevaa koti, amenyoa ndevu, anakwenda zake mjini. Akanisalimia kwa heshima zote, akakaa kiti cha nyuma yangu kabisa.

Nikaondoa gari. Kimya. Basi zima limejaa mpaka mlangoni na hakuna anayenong'ona. Nikajisemea, haya ndiyo matunda ya uongozi.

Sasa, kuna jambo kuhusu barabara ile. Ukiwa unapanda, kuna mahali barabara nyingine inaingia kutoka ubavuni, wala huioni. Ukiwa unashuka, pale pale pamekuwa njia panda. Nikafika, ukungu mbele kama pamba, nikashika ya kushoto bila hata kupunguza mwendo.

Nyuma nikasikia watu wakivuta pumzi, wote kwa pamoja. (Nilidhani wamevutiwa na jinsi nilivyokata kona.)

Kisha kengele. Makondakta wangu wana amri: moja ni simama, mbili ni ondoka. Hii ililia tatu. Ikanyamaza. Ikalia tano. Nikasema moyoni, Manka leo kafurahi.

Barabara ikawa nyembamba. Majani ya migomba yakaanza kupiga madirisha, pa, pa, pa. Nikapanga kuwaandikia watu wa barabara barua kali. Kuku wakaruka. Mbuzi mmoja alinitazama kama mtu anayenidai maelezo. Nikamtupia Elirehema jicho kwenye kioo. Amekaa wima, mikono magotini, ametulia kama yuko kanisani.

Na hapo barabara ikaisha.

Haikuharibika, ndugu zangu. Iliisha! Mbele yangu ulikuwepo ua wa mtu, umefagiliwa ukang'aa, una viti vimepangwa, turubai limefungwa kwenye migomba, masufuria yako motoni, na mtungi wa mbege, ile pombe ya ndizi, ukubwa wa pipa. Nikakanyaga breki. Ukungu ukafunguka kidogo, na watu waliokuwa uani wakaliona basi.

"Wamefika! Wakwe wamefika!"

Vigelegele! Akina mama wakatoka jikoni wanaimba. Kumbe ilikuwa harusi ya binti wa nyumba hiyo, na walikuwa wanasubiri basi la wakwe kutoka Machame. Mwenye nyumba, Mzee Anaeli, akaja mbio huku anafunga vifungo vya koti, akafungua mlango wangu, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu sana, baba mkwe! Mbona mapema hivi? Kweli watu wa Machame mna adabu!"

Mimi, na sare yangu, na kofia yangu ya shirika. Nikafanya nini? Nikashindwa kusema nimepotea. Badala yake nikasema, "Tunapita tu."

"Mnapita kwenda wapi?" akauliza Mzee Anaeli, akitazama migomba nyuma ya nyumba yake.

Nikafunga mlango, nikatia gia ya kurudi nyuma, nikarudi kwa ujasiri. Kwa ujasiri mno. Tairi la nyuma likatumbukia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaomwagilia shamba zima, ukingo ukabomoka, na maji yote yakaamua kuhudhuria harusi. Yakapita chini ya turubai. Yakazima moto wa sufuria la kwanza. Nyimbo zikakoma.

Nikageuka kwa Elirehema.

"Umeona njia panda?"

Akaitika kwa kichwa.

"Umeona nimekosea?"

Akaitika tena.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akainua kidole, taratibu, akaonyesha mwandiko wangu mwekundu juu ya kichwa changu. Basi zima likapasuka kwa kicheko! Bibi Ndeshi alicheka mpaka akampa jirani kikapu cha mayai amshikie.

"Zungumza!" nikapiga kelele. "Zungumzeni wote! Nawaruhusu!"

Wakaanza kuzungumza wote kwa mpigo, na wala si na mimi. Elirehema alishuka, akakata jani la isale kwenye ua wa mzee, akaniwekea mkononi. Huku mtu akikupelekea isale kuomba radhi, ni vigumu sana kumkatalia. Basi nikasimama kwenye tope, kofia kwapani, nimeshika jani kwa mikono miwili kama mtoto wa kipaimara, nikamwomba Mzee Anaeli msamaha kwa ajili ya mfongo, moto, na kutokuwa baba mkwe wa binti yake. Mzee alitazama jani, akatazama tope. Nikaona masharubu yanatikisika.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ondoa hilo dude kabla wenyewe hawajafika."

Wanaume wa harusi na abiria wangu wakasukuma. Akina mama wa ndizi wakaziba mfongo kwa majembe, wakiimba wimbo uliokuwa na neno "dereva" ndani yake. (Nilimwuliza Manka unasemaje. Alikataa kutafsiri.) Elirehema akakamata usukani. Nikakaa kwenye kile kiti chake cha nyuma.

Akashuka na ule mlima kama mtu anayeshuka ngazi za kwake. Na hapo ndipo nilipoelewa. "Jana mvua imekula ukingo pale kwa mwalimu," mama mmoja anamwambia. Elirehema anakaa kulia. "Ng'ombe wa Mzee Ndetaramo wanavuka saa hizi." Elirehema anapunguza mwendo, na kweli, ng'ombe hao! Walikuwa wakimsomea barabara iliyojificha kwenye ukungu, na habari za mtoto na homa ni njia tu ya kuanzia. Miezi mitano nimekaa ofisini na rula.

Tuliingia kituo kikuu tumechelewa dakika hamsini. Meneja amesimama, saa mkononi, uso kama mlango uliofungwa. Akamwona Elirehema anashuka.

"Wewe si umesimamishwa kazi? Nani amekupa gari? Na kwa nini mmechelewa?"

Elirehema akatazama viatu vyake. Hakusema neno la kunichongea. Kumwachia abebe kosa langu sikuweza, ndugu zangu. Nilipiga hatua mbele.

"Ndugu Meneja, nilikuwa naendesha mimi. Nili..."

"Alitupeleka harusini!" akadakia Bibi Ndeshi kutoka mlangoni, kwa sauti iliyofika sokoni. "Maji yakaingia, mbege hatukupewa!"

Kituo kizima kikaangua kicheko. Wapiga debe, wauza karanga, fundi wangu wa gereji chini ya gari. Meneja alijizuia. Alijizuia kwa nguvu. Kisha akatoa leso, akajifuta macho, huku abiria wakizidi kushuka, na kushuka, na kushuka.

"Hawa wote wametoka huko juu?" akauliza.

"Wote, Ndugu Meneja. Na wengine wameshukia Kiboriloni."

"Basi njia inabaki. Huyu mzee arudi kazini leo hii. Na wewe Mkuu, wiki nzima utapanda basi hilo, asubuhi na jioni, mpaka wakufundishe."

Kwa hiyo njia ya Old Moshi imeokolewa, na mimi ndiye niliyeiokoa, ukiangalia kwa upande fulani. Kuna jambo moja tu nawaomba. Nimerudi nyumbani na tope mpaka magotini, mke wangu kauliza, nikamjibu haraka haraka. Mkija kututembelea, jamani, ilikuwa pancha.