Nguzo Mbele ya Munyaneza

Jumatatu, 9 Aprili 1956

Nimelificha kwa miaka mingi, na daktari anasema moyo wangu hauna tena miaka ya kuchezea: naipenda gereji ya Abdu. Basi! Limeandikwa. Na limeandikwa kwa Kiswahili, maana mke wangu Mukantwari husoma Kinyarwanda tu.

Abdu ni jirani, mwenye lori. Gereji yake pana, kenchi za paa zimeshikana juu kama vidole vya mtu anayesali, wala hamna nguzo katikati. Hadharani naiita banda la mbuzi. Yangu niliichora mwenyewe, mimi karani mstaafu wa mahakama, mwenye Kilatini. Boriti yake imepinda kama mgongo wangu.

Jumamosi watu wa Kanama wanakuja kumwomba mjukuu wetu Xavérine awe mke wa kijana wao. Na mvua hizi! Paa la kuwatosha wote ni la gereji yangu tu. Msemaji wa upande wetu ni mimi. Kazi naijua: kukataa, kukataa tena kwa madaha, kisha kumtoa binti. Nataka kufa nikiwa nimeifanya vizuri.

Jumatano, 11 Aprili

Mukantwari anataka nguzo. Nikamweleza kwamba nguzo itaizuia voiture, gari langu, kuingia. Akauliza voiture ipi, hii tuliyoitoa leo kwa kuisukuma, kuku wakirukia madirishani? Hana heshima kwa mashine.

Akamwita Abdu. Abdu akatazama juu, akapiga mluzi. "Mzee, hii boriti imechoka kuliko we!" Akacheka mpaka nami nikacheka, kwa bahati mbaya. Akashusha gogo la mkaratusi kutoka kwenye lori, akalisimamisha katikati, akalikaza chini kwa kabari. Boriti ikanyooka. Kazi safi kabisa! Nikamwambia gogo limekaa upande. Halikukaa upande.

Alhamisi, 12 Aprili

Balaa! Siku ya kuomba binti pande mbili huketi zikitazamana, msemaji kwa msemaji. Nimeketi mahali pangu. Mbele yangu: gogo. Msemaji wao ni Munyaneza, ambaye akikohoa Kanama, husikika mpaka Nyamyumba. Nimjibu mti? Nimesogea kushoto: niko kati ya mitungi ya pombe. Kulia: mvua mgongoni.

Nimelivika gogo majani ya migomba liwe pambo. Xavérine akasema sasa linafanana na mgeni aliyenyimwa kiti. Kisha akanishika mkono. "Babu, acha hivyo. Mi nataka tu siku ipite muzuri." Mtoto mwema. Hotuba haelewi.

Ijumaa, 13 Aprili

Mukantwari sokoni. Mimi, fimbo yangu, na kabari. Ilitoka kwa pigo dogo tu, ilivyochongwa vizuri. Gogo likaanguka na majani yake. Boriti ikashuka kidogo, ikaguna, ikatulia. Nafasi! Nikasimama, nikamkataa Munyaneza asiyekuwepo kwa maneno yaliyonitoa machozi.

Mukantwari nimemwambia Abdu amelichukua gogo kwa shida za lori lake. Gogo liko nyuma ya choo. Kulivuta huko kumenilaza mchana kutwa.

Jumapili, 15 Aprili

Jana sikuandika; haya ni ya jana.

Mvua kubwa. Pande zote zimeketi. Munyaneza ameomba kwa adabu. Nikasimama, nikasema nyumba hii haina binti. Juu yangu: kraa! Nikapaza sauti kwamba hata angekuwepo tusingemtoa. Kraaa! Maji yakamwagika kwenye mtungi. Munyaneza akaita: "Mzee, kubali! Hata paa linatuombea!" Watu wakaangua kicheko.

Abdu hakucheka. Aliruka kutoka kitini, akaitia boriti begani, akaamuru watu watoke, wazee kwanza. Shingo yake ilijaa mishipa. Hakutetereka. Alipotoka wa mwisho, naye akachomoka, na gereji yangu ikalala chini taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba.

Mukantwari akamvaa palepale mvuani. Lori lake lilikuwa na haja gani na gogo letu? Abdu akanitazama. Nikatazama viatu. "Unisamehe, mama," akasema. "Hii lori yangu iko na matata mingi." Hakuna padri aliyewahi kunibebea dhambi hivyo.

Tukahamia kwake, mtungi na mirija yake nyuma yetu. Pumzi zangu zilikwisha, sauti ikaenda nazo. Abdu, asiyeonja pombe maishani, akasimama mahali pangu. Akakataa. Akakataa tena kwa madaha, hata Munyaneza akafuta machozi ya kicheko. Kisha akamtoa Xavérine kwa maneno machache, mepesi, ya kweli, kama baba. Xavérine aling'aa. Juu yetu zile kenchi, kimya. Nilizitazama mpaka shingo ikauma.

Jumatano, 18 Aprili

Daktari amekuja, ametikisa kichwa. Abdu amekuja na mbao. Akauliza nguzo ya gereji mpya isimame wapi. Nikasema haisimami popote. Mukantwari akatoka nje asije akanipiga. Mdogo wake Xavérine, Donatha, ataombwa baada ya mavuno ya maharage, na msemaji ni mimi.

Sasa la mwisho, moyo wangu ukiwa bado unakubali kuandika. Nilipoigonga kabari nilijua boriti itaanguka. Nilidhani itanisubiri nimalize.

Hotuba ya Donatha nitaifupisha.