Nyumba ya Kiingereza ya Bertrams

Jumatatu, 18 Septemba 2017

Mimi si mpangaji wa kawaida! Nyumba yetu hii ya mtaa wa Bertrams ilijengwa na Mwingereza aliyekumbuka kwao: nguzo na boriti za mbao, katikati plasta. Waliofuata wameiharibu. Mmoja alifunika mbao kwa saruji, mwingine akaziba baraza ikawa chumba. Jumamosi chama cha wapenda nyumba za kale kitapita mtaani na kuchagua moja ya kutundikwa kibao cha shaba. Shaba! Jirani yangu Balthazar, Mrundi, ameanza kupaka lango lake rangi. Maskini.

Jumanne, 19 Septemba

Nimepigilia mbao kuukuu kwenye ukuta wa mbele, nikazipaka rangi nyeusi. Uingereza mtupu! Mke wangu Arlène, anayesuka wateja nywele sebuleni, ameuliza kama tunafuga pundamilia. Nimeongeza rangi. Balthazar ametazama kutoka langoni kwake. Wivu.

Alhamisi, 21 Septemba

Sebule ni finyu, na katikati kuna nguzo. Arlène ameniambia nisiiguse, ndiyo inayobeba nyumba. Nimemweleza kwamba nyumba hubebwa na kuta. Nimeikata kwa msumeno. Ukumbi!

Baadaye. Eish. Dari limeinama. Saruji yote ya ukuta wa mbele imeporomoka pamoja na mbao zangu. Mteja amekimbilia barabarani nusu ya kichwa ikiwa haijasukwa. Hakuna aliyeumia. Arlène ameketi kwenye kifusi. Nilitamani anitukane. Badala yake amesema polepole, "Baba Glody, hapa ndipo tunapopata chakula chetu."

Balthazar amekuja bila kuitwa, na jeki za gari na magogo. Tumeinua dari hadi jasho likatuingia machoni. Nimemshukuru. Kwa kifupi.

Jumamosi, 23 Septemba

Chama kimefika. Mama mmoja wa Kizungu, kiongozi wao, amesimama mbele ya ukuta uliobambuka, mkono mdomoni. Nikajiandaa kuomba radhi. Kumbe furaha! Chini ya saruji kuna mbao zote za mwanzo, zimeunganishwa kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Ameuliza ni nani aliyethubutu kuzifunua.

"Ni mimi," nikasema.

Arlène amekohoa sana. Kuhusu nguzo, nimesema niliikuta hivyo. Kibao ni chetu! Balthazar amepiga makofi kuliko wote. Nimemsamehe.

Jumapili, 24 Septemba

Leo ni Sikukuu ya Urithi, siku ya taifa ya kuenzi mambo ya kale. Kanisani nimekaa benchi la mbele. Mtu mwenye nyumba ya historia hakai nyuma. Chama kitaleta fundi kurudisha nguzo, na Arlène ameniapisha nisishike kitu mpaka afike. Nimeapa.

Lakini nyumba ya Kiingereza yenye bomba fupi la moshi ni aibu. Ukuta kati yetu na Balthazar una matofali mazuri ya zamani, yanafaa kulirefusha, naye hatarudi hadi jioni. Nimechomoa ya chini tu. Ya juu hata hayajatikisika.