Naomba Kovu Langu, Daktari

Kwa Daktari Mkuu wa Upasuaji,
Hospitali Kubwa, ghorofani, mlango unaofuatia chumba cha sindano.

YAH: KUOMBA KUPASULIWA KAMA WATU WENGINE

Mheshimiwa Daktari, mwanangu,

Marahaba. Naitikia kabisa kabla hujanisalimu, maana mimi ni mkubwa kwa mama yako na najua adabu unayo. Natumaini u mzima na unakula. Mara ya mwisho nilikuona mwembamba kama mpini wa fagio, na mtu anayehangaika na matumbo ya wenzake anatakiwa naye awe nalo.

Mimi ni yule bibi wa kitanda cha dirishani, uliyemtoa nyongo. Sura yangu labda umeisahau, ila mdomo wangu huwezi kuusahau kwa sababu ndimo ulimopita. Shule sikwenda. Barua naisema mimi, anaiandika mke wa mwanangu, na nimemkataza kunipambia maneno. Ukikuta mahali pameandikwa "nilisikitika", ujue mimi nilisema kitu kingine.

Kwanza ahsante. Maumivu yamekwisha. Nakula, nalala, nagombana. Kwa upande huo sina neno nawe. Shida ni kwamba umeniponya bila ushahidi, na kuna mtu mmoja ambaye ubavu wake unategemea ushahidi huo. Nitamfikia. Nisome taratibu, usiruke.

Nikukumbushe ilivyokuwa. Mliponiambia mfuko wa nyongo umejaa mawe, nilijiandaa kupasuliwa. Niliaga ndugu. Niligawa vyombo, kila sufuria nikaitajia mrithi wake, na mpaka leo wengine hawajanirudishia. Halafu wewe ukaja na lako: "Bibi, siku hizi hatuchani tumbo. Tunapita njia za asili za mwili." Nikauliza njia zipi. Ukazitaja. Nikakuambia kijana, funga mlango kwanza. Nikachagua mdomo, kwa kuwa hizo nyingine zimeshafanya kazi yake duniani na zinastahili kupumzika. Ukanieleza kwamba utashusha mpira wenye taa kooni hadi tumboni, utoboe katundu kadogo huko huko, ukate mfuko wa nyongo, uuvute utokee mdomoni, kisha ukazibe katundu kwa ndani. Nikalala. Nikaamka koo linawasha, nyongo haipo, na tumbo kwa nje halina hata mkwaruzo.

Hapo ndipo mlipokosea. Nayapanga kwa namba ili usinichanganye.

1. Hakuna anayeamini. Niliporudi nyumbani nilipangiwa mito, majirani wakaja. Mtu akija kumwona aliyepasuliwa, lazima aombe kuona. Nikafunua. Wakaliangalia tumbo, wakaangaliana. Mmoja akauliza, "Sasa mbona liko vilevile?" Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye, alikuwa amekaa kiti chenye mgongo. Huyo tunamwita Bi Mshono, kwa sababu alipasuliwa zamani kutoka chembe cha moyo hadi kitovuni, na hakuna harusi wala msiba aliowahi kuhudhuria bila kuutaja mshono huo. Hanyanyui ndoo. Akiambiwa menya vitunguu, anashika tumbo. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Wifi yangu, hata samaki akitolewa matumbo huonekana." Watu wakacheka chumbani kwangu, nikiwa mgonjwa, kwenye mito yangu! Tangu siku ile sijamfunulia mtu tena.

2. Hayo maneno yenu. Mke wa mwanangu, kwa nia njema kabisa, alikwenda kuwaeleza watu kwamba mama alitibiwa kwa njia ya asili. Daktari, ukisema "njia ya asili", hakuna anayeuliza mgonjwa anaendeleaje. Wanauliza njia ipi. Nikisema mdomo, wanaitikia "mmmh" ile ndefu. Bi Mshono naye amewaambia kwamba mtu aliyepitiwa mdomoni hawezi kukosa jino moja lililolegea, na mimi meno yangu yote ni mazima, kwa hiyo njia iliyobaki wanaijaza wenyewe. Sasa kila nikikaa, watu wanatazama ninavyokaa. Nikichelewa kunyanyuka kwenye benchi, wananong'ona. Ni magoti, Daktari. Yamekuwa mabovu tangu kabla hujazaliwa.

3. Nyongo yenyewe kutokea mdomoni. Sikatai, mimi nina mdomo. Neno likinijia silitafuni. Lakini sasa mtaa mzima umekubaliana kwamba ukali wangu ulikuwa ni ile nyongo, na kwa vile imeshatoka, na imetokea palepale, basi nimekuwa mpole. Wanakuja kunijaribu. Muuza nyama alinifungia mifupa na ngozi, akaniambia, "Chukua tu bibi, wewe sasa huna neno." Nikamweleza habari zake, nikapanda hadi za baba yake, nikafika kwa babu yake ambaye nilimfahamu vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, akawageukia wateja: "Kumbe walibakisha!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, lakini nilipofika nyumbani.

4. Mapumziko yangu. Mtu mwenye kidonda hupewa uji kitandani. Mtu asiye na kidonda hupewa kapu la nguo. Koo langu lilikuwa bado linawasha nilipolikuta kapu mbele ya mlango, na mwanangu, baba mzima, akaniambia, "Mama, kwa kuwa uko vizuri..." Anayeandika hapa anasema niweke wazi kwamba yeye siku hiyo alikuwa kazini. Ni kweli, alikuwa kazini. Gauni lake lilikuwa kapuni.

5. Hili ndilo kubwa. Hayo mengine yalikuwa kuni za kuwashia moto tu.

Nina binti, kitinda mimba wangu, fundi cherehani. Nilimpata watu wakiwa wameshaacha kuniuliza kuhusu watoto. Ana maumivu yaleyale niliyokuwa nayo, upande uleule wa kulia. Mkono mmoja unasukuma kitambaa, mwingine umebana ubavu. Siku nyingine anashindwa kukanyaga cherehani, anainamisha paji la uso juu ya meza, anajifanya anatafuta pini. Na juzi nilimtazama kwenye mwanga wa dirisha, weupe wa macho yake umeanza kuingia manjano. Mimi si daktari, lakini na mimi yalianza hivyo hivyo.

Namwambia, mwanangu, nenda kwa wale walionitoa mimi. Hawachani, wanapita mdomoni. Ananijibu pini zikiwa zimejaa midomoni: "Mama, acha hadithi. Hakuna kitu kinachotoka ndani ya nguo iliyoshonwa bila kufumuliwa. Nionyeshe mshono." Kila nikienda, wimbo ni huo. Nionyeshe mshono, mama. Na mimi nitamwonyesha nini? Ninashusha blauzi yangu izidi kufunika, natoka zangu na aibu, narudi nyumbani namsikiliza Bi Mshono.

Umenielewa sasa? Kovu si la kujivunia. La kujivunia lipo kidogo, sitakudanganya. Lakini hasa nalitaka ili binti yangu anisikie. Sikumzaa uzeeni nije nimzike kwa kukosa uzi.

Kwa hiyo naomba unitendee mojawapo ya haya:

(a) Unipasue kidogo. Juu juu tu, usiingie ndani, maana hakuna unachokifuata. Kovu lianzie chembe cha moyo na lisiwe fupi kuliko la Bi Mshono. Ukizidisha kidole kimoja sitakasirika.

(b) Kama sheria zenu zinakataza kumpasua mtu bila sababu, basi nirudishieni sababu. Nataka nyongo yangu. Irudi na mawe yake yote, kwa njia ileile iliyotokea, muiweke mahali pake. Halafu unipasue kama watu, uitoe upya kwa mbele, Bi Mshono akiwa amesimama pembeni anashika beseni.

(c) Ukishindwa yote mawili, uje mwenyewe. Uje na koti lako jeupe na ule mpira wako wenye taa, usimame mbele ya binti yangu umweleze. Nitakupikia, utashiba, utabeba na cha njiani. Ila usiseme "njia ya asili". Sema "mdomo", na useme kwa sauti, umeelekea dirishani.

Na usinijibu kwa kitaalamu, kwamba kidonda kinauma, kinachelewa kupona, kinaweza kutunga usaha. Najua. Bi Mshono nilimuuguza mimi. Nilikuwa namgeuza, namwosha, namlisha. Kila akitaka kupiga chafya anakumbatia mto na kulia kama mtoto, na mimi natoka nje nalia nyuma ya nyumba asinione. Mpaka leo mvua ikikaribia mshono unamvuta, na ndiyo maana hanyanyui ndoo, ingawa vitunguu angeweza kumenya. Yote hayo nayajua, na bado naomba.

Nisalimie yule nesi aliyenishika mkono nilipokuwa nasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu; mwambie aolewe na mtu anayemstahili, si yule aliyekuwa anampigia simu. Nisalimie anayepiga deki, tulikuwa tunaelewana. Msalimie mpishi wenu, mwambie chumvi haijapigwa marufuku. Yule mlinzi wa getini aliyemkatalia Bi Mshono kuingia na chupa ya chai mpe salamu mara mbili. Na mama yako akiwa hai, mwambie amezaa.

Ni mimi, mgonjwa wako uliyemponya kupita kiasi,

Bibi wa Kitanda cha Dirishani
(Nimeweka dole gumba hapa. Uchafu unaoonekana ni wino, mikono niliosha.)

Nyongeza, baada ya sahihi:

Daktari, weka kisu chini.

Wino ulikuwa haujakauka, nikawa nimemwambia mke wa mwanangu anisomee barua yote nisikie kama amenichakachua. Kumbe kitinda mimba alikuwa amefika kurudisha pasi, amesimama mlangoni, anasikiliza. Msomaji alipofika pale ninapoomba unipasue, pasi ikamponyoka binti mkononi. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo kweli hakuna mshono?"

Nikamwambia ndilo hilo ninalolilia siku zote!

Akasema nilale. Akanisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akalipapasa tumbo langu kwa vidole gumba, taratibu, kama anavyokagua nguo iliyotoka kwa fundi mwingine anapotafuta kosa. Akanigeuza ubavu. Akanirudisha. "Hakuna hata tundu la sindano," akasema, kisha akakaa chini sakafuni akalia.

Daktari, mtoto huyu hakuwahi kunibishia. Alikuwa anaogopa. Alipokuwa mdogo Bi Mshono alimshika mkono akamlazimisha kuugusa mshono wake, na hakuusahau mpaka leo. Alikuwa anasema "nionyeshe" ili ajue litakalompata yeye, na kila nilipokuwa nashusha blauzi kwa aibu ya kukosa kitu, yeye alidhani naficha kitu kibaya. Majirani walipomwambia kovu halipo, akaona nimewaonyesha nusu ya juu tu. Tumekaa hivyo, yeye anaogopa kovu, mimi naona haya kwa kutokuwa nalo, na ubavu unamuuma.

Akajifuta, akafikiri, akasema, "Kumbe ni kama kugeuza mto ukishaushona. Unafanya kazi yote ndani, unatolea kwenye kauwazi kadogo." Halafu akasema, "Fundi anayeshona hivi, hata mimi ningemwachia kitambaa changu."

Kwa hiyo tunakuja kesho asubuhi. Hayo yote ya juu yafute, hasa (b). Usimwachie hata alama ya ukucha. Umpitishe njia utakayoona inafaa, na kama si mdomo usiniambie mimi, wala usimwambie Bi Mshono, ambaye naye anakuja. Ameshikilia kwamba ni yeye atakayemshika mtoto mkono. Amebeba na chupa ya chai. Mlinzi amwache apite.

Akirudi atalala kwenye mito yangu na uji atanyweshwa kitandani, awe na kidonda, asiwe nacho. Kapu la nguo nitafua mimi. Tumbo langu ni zima.