Kuhusu Sufuria Uliyoweka Katika Valizi Yangu

Kiwanja, Jumanne

Kwa Mama Mkwe wangu Mukagasana, nyumbani Mabanga, Goma. Mke wangu Sylvie akusomee polepole, na asiruke mahali popote.

Mama mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima yote ambayo mkwe anapaswa kumpa mama wa mke wake, kisha naomba ruhusa ya kukushtaki. Mimi ni mtu wa kuandika. Nimewaandikia wakubwa wa serikali, mapadre na watu wa maji, na kila mmoja amenijibu au amenichukia. Wewe peke yako sijakuandikia kamwe, kwa sababu tunaishi nyumba moja na ni wewe unayegawa chakula. Kwa simu, unanikatiza. Kwa barua, utasikiliza mpaka mwisho.

Unajua nilikuja huku kwa siku chache tu, kutia sahihi mapatano na Papa Théogène, msimamizi wa shule kumi na mbili, ili nichapishe buletini za alama za wanafunzi wake. Bila kazi hiyo, mashine yangu ya kuchapa itabaki kulaliwa na paka. Kwa hiyo nilifunga mizigo kama mtu aliyesoma. Nilipata katika gazeti la wasafiri kwamba nguo hazikunjwi, zinaviringwa. Kwamba soksi zinaingia ndani ya viatu. Kwamba kila kitu chenye uwazi kijazwe. Nilipomaliza, valizi ilifungika kwa kidole kimoja. Kisha nikaenda kunyoa ndevu. Mama, kunyoa ndevu ni dakika kumi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sufuria. Nilifungua valizi mbele ya Papa Théogène ili nitoe mifano ya kazi zangu, ikajitokeza sufuria yenye masizi, mfuniko umefungwa kwa kipande cha kitenge. Ndani yake mlikuwa na mashati yangu, yameviringwa vizuri sana. Nakiri kwamba ulilifuata gazeti: kitu chenye uwazi kilijazwa. Lakini shati langu jeupe limekuwa punda milia.

2. Chumvi katika kiatu cha kushoto, maharage katika kiatu cha kulia. Soksi sijaziona mpaka leo.

3. Jembe lisilo na mpini. Mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kama nimekuja kulima. Nilimjibu kwa maneno mazito kuhusu haki za msafiri, naye akanihamishia chumba kinachopakana na mbuzi.

4. Turubai, kopi sita za kadi yangu ya uchaguzi, na picha ya ubatizo wa Sylvie. Najiuliza msimamizi wa shule angeufanyia nini ubatizo wa Sylvie.

5. Hili ndilo lililonimaliza. Muhuri wangu haumo. Nilipokupigia simu ulisema umeuficha katika gunia la makaa, ukaongeza, bila haya: "Mukwe, mutu mwenye kuwa na muhuri ku bariyeri, wanamuuliza ule muhuri ni ya serikali gani. Mwenye sufuria wanamuacha anapita." Mama, bariyeri gani ya kusimamisha wasafiri? Barabara ni tulivu, nilifika nikisinzia. Na katika nchi hii karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Papa Théogène alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hawezi kukabidhi shule kumi na mbili kwa mtu anayetembea na jiko. Amenipa mpaka Ijumaa.

Sasa nafika kwenye hoja yenyewe. Ulipakia sufuria mwaka wa tisini na sita, vita vikaja. Tisini na nane, vikaja tena. Elfu mbili na mbili ulipakia, hata volkano ikashuka. Elfu mbili na nane, elfu mbili na kumi na mbili: sina haja ya kuendelea. Mtu yeyote aliyesoma mantiki ataona kwamba si wewe unayekimbia vita. Ni vita vinavyofuata sufuria yako. Wenye bunduki wanakaa mlimani wakiulizana kama Mukagasana ameshafunga mfuniko. Wakisikia ndiyo, wanashuka, maana wanajua watu wako tayari. Kama Goma nzima ingefungua mizigo siku moja na kupanga vyombo kabatini, vita vingefika mlangoni, vikaona aibu kama mgeni asiyealikwa, vikarudi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mambo matatu. Ile sufuria kubwa unayoificha chini ya kitanda, mwanao Achille, ambaye ni fundi wa chuma, aitoboe matundu matatu tupande maua. Muhuri wangu uletwe na mwendesha pikipiki kabla ya Ijumaa. Nawe uape mbele ya Sylvie kwamba hutagusa valizi yangu tena. Ukikataa, nitalifikisha shauri hili kwa wamama wa jumuiya yako ya kanisa, na nitaandika kurasa nane.

Wasalimie watoto wote, na Achille, na jirani Généreuse, ambaye pasi yake ilinyoosha mashati bure.

Mkwe wako mtiifu, mwenye hasira ya haki,

Adalbert

Baada ya sahihi. Kalengera, Alhamisi.

Barua haikuondoka Kiwanja. Watu ndio walioondoka. Jana asubuhi risasi zilianza na mji mzima ukashika barabara. Simu hazipiti. Tuko katika darasa la shule, familia nne na sufuria moja. Bariyeri ilikuwepo. Waliokutwa na mihuri walikalishwa pembeni, na mpaka sasa hawajafika hapa. Mimi walifungua valizi yangu, wakaitazama sufuria, mmoja akasema, "Pita, muzee."

Papa Théogène alikuwa nyuma yangu. Muhuri wake alikuwa ameshautumbukiza chooni. Turubai lako limeziba dirisha, jembe limetuchimbia mfereji wa mvua. Leo, akingoja maharage yaive, aliomba zile karatasi za mapatano, akapaka masizi ya sufuria kwenye dole gumba, akaligandamiza chini ya jina lake. Nami nikagandamiza langu.

Mwendesha pikipiki anaondoka sasa hivi, ajaribu kupita Kibumba. Nafasi ni moja, nimemwachia mama aliye karibu kujifungua. Yeye ndiye atakayebeba barua hii. Wanasema wenye bunduki wakishachukua Kibumba, zamu ni ya Goma.

Hoja yangu naiondoa. Achille asitoboe kitu. Usinisubiri, Mama, mchukue Sylvie na watoto, mvuke mpaka wa nchi mapema. Valizi yangu ya pili iko juu ya kabati, imejaa vitabu. Vitoe. Wewe unajua cha kuweka.