Maneno Yanayofuata "Ila"

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma wa Songea na vitongoji vyake kwamba katika hospitali yetu maumivu yamedhibitiwa. Hakuna maumivu hata kidogo yaliyoripotiwa kutoka nje ya mgonjwa. Chupa ya mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali, ipo kabatini imejaa mpaka shingoni kama ilivyopokelewa, na haijamdhuru mtu yeyote. Wataalamu husema hakuna dawa isiyo na madhara. Sisi tumeipata: ni ile ambayo hainywewi.

Tangazo hilo nililiandika mwenyewe, nikalibandika getini. Mimi ni Hironimus, Katibu wa Kamati ya Uthibitisho wa Maumivu. Mwenyekiti wetu ni Mheshimiwa Kajetani, mtu wa kuona mbali, ambaye siku alipoambiwa kwamba hospitali imepokea mofini alisimama hapohapo akauliza, "Nani ataizuia?" Swali hilo ndilo lililoizaa Kamati.

Tulianza na kabati. Sheria inataka dawa ya namna ile ikae chini ya kufuli, nasi hatukubishana na sheria, tuliisaidia. Tuliweka kufuli mbili, ufunguo mmoja wa Mwenyekiti na mwingine wangu. Kisha tukalipandisha kabati ukutani, pale koridoni, karibu kabisa na dari, ili hata mwenye nia mbaya achoke njiani. Kulifikia kunahitaji ngazi. Ngazi yenyewe ilitengenezwa na fundi wa mtaa wa Majengo kwa maelekezo ya Mwenyekiti, ambaye alisisitiza isiwe rahisi kupanda.

Baada ya kabati ukaja utaratibu, na hapa sina budi kumtaja Daktari Sabra, binti wa Tunduru anayesimamia wodi. Alikuja kikaoni, hakula hata sambusa, akasema, "Waheshimiwa, maumivu hayapimwi maabara. Anayeumwa ndiye anayejua. Mkimuuliza, mwaminini."

Tulimpigia makofi. Hoja yake tuliipitisha siku hiyohiyo na kuiboresha kidogo: mgonjwa ndiye shahidi wa maumivu yake, na jibu lake la kwanza ndilo litakaloaminiwa.

"Kwa nini la kwanza?" Daktari aliuliza.

"Kwa sababu la pili linaweza kuwa limeshawishiwa," alijibu Mwenyekiti.

Ombi la kwanza lilikuwa la Mama Kunegunda. Huyu ni mama wa Majengo aliyeuza maandazi miaka na miaka, na nusu ya Kamati imekua kwa maandazi hayo. Saratani ilianzia kwenye titi ikahamia kwenye mifupa ya mgongo. Alikuwa hawezi kulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika chuma kwa mikono miwili, asubuhi unamkuta hivyo, jioni unamwacha hivyo, akisinzia kichwa kinadondoka, mgongo unamzindua. Binti yake Dorine alituambia mama yake anataka kitu kimoja tu: alale chali kama watu wengine.

Kamati yote ilikwenda wodini, maana jambo la mtu mzima halitumiwi mjumbe. Mwenyekiti akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibuni. Dorine, watafutie wageni pa kukaa."

"Asante mama, tumeshafika. Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Ila huu mgongo, baba..."

"Inatosha, mama, usijichoshe," Mwenyekiti alisema kwa upole. Akanigeukia. "Katibu, umepata?"

Nilikuwa nimepata. Mgonjwa anaendelea vizuri, na mhusika wa pongezi ni Mungu.

Dorine akatufuata mpaka koridoni. "Kaka Hironimus, kwani hamkumsikia aliposema ila?"

Tulimsikia, sisi si viziwi. Nikamweleza kwa lugha nyepesi kwamba maneno yanayofuata "ila" ni maelezo ya ziada, na maelezo ya ziada yatashughulikiwa na Kamati Ndogo ya Maelezo ya Ziada, itakayoundwa wakati mwafaka. Dorine alinitazama, akaitazama kalamu yangu, akarudi wodini. Nadhani alikuwa anaelimika.

Kikao kilichofuata kilikuwa na joto. Daktari Sabra alisimama kabla ya chai.

"Ile ilikuwa salamu, waheshimiwa. Baba yangu kule Namasakata alidondoka kutoka juu ya mkorosho, mbavu zikavunjika. Kila aliyekuja kumpa pole alimjibu alhamdulillahi, sijambo. Hapumui vizuri, lakini hajambo. Ndivyo tulivyolelewa sote, Mngoni kwa Myao."

"Mofini alipewa?" Mwenyekiti aliuliza.

"Haikuwepo."

"Akapona?"

"Alipona. Baada ya kuteseka sana."

Mwenyekiti akatutazama mmoja mmoja, na Namasakata ikaingizwa kwenye muhtasari kama mfano wa kuigwa.

"Tena tukifungulia hiyo chupa," aliongeza, "Majengo nzima itajaa mateja."

Daktari akavuta pumzi. Akaeleza kwamba mgonjwa anaanziwa kiasi kidogo, kinachopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anakinywa kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yarudi, na kiasi kinaongezwa na daktari tu kadiri maumivu yanavyodai. Anaangaliwa asisinzie kupita kiasi na pumzi yake isipungue. Anapewa na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo. Nyumbani chupa inafungiwa mbali na watoto, na jirani hagawiwi hata akilalamikia jino. "Anayeumwa kweli, akipewa kwa kipimo chake na kufuatiliwa, hageuki teja," alisema. "Anageuka mtu aliyelala."

Wajumbe waliguswa. Mwenyekiti aliagiza suala la choo lisionekane kwenye muhtasari.

Daktari Sabra hakukata tamaa. Siku moja nilikuwa chini ya dirisha la wodi kwa shughuli za Kamati, nikamsikia anamfundisha Mama Kunegunda.

"Mama, wakikuuliza unaendeleaje, sema vibaya. Basi."

"Kabla hawajakaa?"

"Kabla hawajakaa."

"Mwanangu, mtu mzima na cheo chake kanivulia kofia, kanipa shikamoo, nami nimtupie hiyo vibaya usoni? Atasema mama huyu kalelewa na nani."

"Lakini unaumwa, mama."

"Naumwa, sikatai. Naumwa mpaka nasikia kwenye meno. Na nitamwambia. Wacha kwanza tusalimiane."

Kamati ilirudi wodini kwa mapitio. Mwenyekiti akavua kofia, shikamoo, marahaba, unaendeleaje. Mama Kunegunda akafumba macho. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Dorine alimbana bega. Daktari alisimama mlangoni na midomo yake ikicheza kama mwalimu anayemsaidia mtoto kusoma. Mama akafumbua macho, akamwona yule baba amesimama mbele yake, kofia kifuani, anasubiri kwa adabu.

"Vizuri, baba," akasema. "Na wa nyumbani kwako hawajambo?"

Kisha akageukia ukutani ili tusimwone. Tulimwona. Kwa nafasi yangu binafsi nilihuzunika sana. Kwa nafasi yangu ya ukatibu niliandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri na ameiulizia Kamati hali.

Sifa zetu zilifika mbali. Wakaja wageni kutoka wilaya jirani, watu wa suti na kalamu mbili mbili mfukoni, kujifunza jinsi chupa ya mofini inavyoweza kukaa salama kiasi kile. Mwenyekiti hakutaka kumtuma mtu. Alipanda ngazi mwenyewe kuwaonyesha, ufunguo wake mkononi na wangu akiwa ameuazima, huku akieleza falsafa ya kabati. Alifika juu. Alifungua kufuli zote mbili. Alikuwa anasema "chupa hii, wageni wetu," ngazi nayo ikatimiza maelekezo iliyotengenezewa.

Alianguka kwa upande. Mguu ulitoa sauti ya kuni kavu, na chini ya goti mfupa ukawa umeelekea kwingine. Chupa, namshukuru Mungu, ilibaki kabatini.

Daktari Sabra alikuja mbio, akapiga magoti, akaufunga mguu kwenye ubao. "Anahitaji mofini kabla hatujamsogeza," alisema. "Sasa hivi. Kabati liko wazi. Nileteeni meza nipande."

Wageni walikuwa wanatazama, kalamu tayari. Heshima ya Kamati ilikuwa mikononi mwangu. Nikainama pale sakafuni, nikakunja mikono kwa adabu.

"Pole sana, Mheshimiwa. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri," alisema Mwenyekiti, "ila..."

Akajing'ata ulimi. Alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe.

"Katibu, hilo silo jibu langu."

"Ni la kwanza, Mheshimiwa."

"Nilikuwa najibu salamu."

"Maelezo ya ziada, Mheshimiwa, yanakwenda Kamati Ndogo."

"Kamati Ndogo ipo wapi?"

"Itaundwa wakati mwafaka."

Sikuwa na ubaya. Aliyefinyanga chungu hana budi kukipikia na yeye. Wageni nao, kwa kuwa ni watu waliolelewa vizuri, walipita mmoja mmoja kumpa pole, na kila mmoja akamuuliza kama hajambo. Mwenyekiti alikuwa anatetemeka, uso umekuwa rangi ya majivu, na kila alipoulizwa mdomo wake ulijibu wenyewe: sijambo, sijambo ndugu yangu, sijambo, asante. Nilimwona akijaribu kuuzuia. Mama yake alimfundisha salamu kabla hajamfundisha kutembea, na mafunzo hayo hayakuvunjika pamoja na mguu.

Ndipo Mama Kunegunda akatoka wodini. Alikuwa amesikia kishindo, na mtu akiumia mlangoni kwako huwezi kukaa ndani. Alikuja ameshika ukuta kwa mkono mmoja na Dorine kwa mwingine, anasimama, anapumua, anasogea. Tulimpisha. Alipofika alishindwa kuinama, kwa hiyo alimpa pole akiwa amesimama juu yake.

"Pole baba. Hujambo?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mwenyekiti, yanaingia masikioni.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mama Kunegunda alimtazama vizuri, kuanzia ule mguu mpaka yale machozi. "Basi na mimi huwa sijambo hivyohivyo, baba."

Mwenyekiti alibaki akiangalia dari, na chini ya dari kabati lake.

"Katibu, andika," alisema mwishowe. "Kile kifungu cha jibu la kwanza kimefutwa."

"Akidi haijatimia, Mheshimiwa..."

"Hironimus."

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Nilileta meza mwenyewe.

Daktari Sabra aliishusha chupa, akapima. "Anzieni kwangu," Mwenyekiti alinong'ona. Hapo ilinilazimu kumkumbusha kifungu alichokitunga mwenyewe ili kuzuia upendeleo: maombi yote hutekelezwa kwa kufuata zamu ya kupokelewa, bila kujali cheo cha mwombaji. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuvutiwa. Mama Kunegunda akafungua kinywa, akanywa, akasema ni chungu, akasema asante. Ndipo Daktari akamwinamia Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameuma ukosi wa shati lake na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anasubiri zamu.

Jioni ile Mama Kunegunda alilala chali. Dorine alikaa pembeni ya kitanda anamhesabia pumzi kama alivyoelekezwa, huku analia na kucheka. Mama alikoroma. Mwenyekiti, aliyekuwa wodi ya upande wa pili, alilalamikia kelele, kisha na yeye akakoroma.

Siku hizi kabati liko usawa wa kifua cha muuguzi. Kufuli bado mbili, funguo wanazo walio zamu. Chupa inapungua, inakuja nyingine, na Daktari Sabra ameniambia hayo ndiyo mafanikio. Bado nazoea. Tangazo la getini nimelitoa. Mama Kunegunda yuko nyumbani Majengo. Saratani haijaondoka, na hakuna aliyemdanganya kwamba itaondoka, lakini anameza dawa yake kwa saa zake, Dorine anafungia chupa kwenye sanduku, na mama analala, anaamka, anagombana na jirani kuhusu kuku.

Juzi Mwenyekiti alitaka kwenda kumjulia hali. Tulikwenda kwa bajaji, yeye na magongo yake na mguu wake wa plasta ukitangulia. Njiani alinieleza mageuzi anayokusudia: kuanzia sasa kila raia ataje maumivu yake papo hapo, bila kuzungukazunguka, na yeye ataongoza kwa mfano.

Tulimkuta mama amejilaza kitandani, mlango wazi.

"Karibu baba. Hujambo?"

"Naumwa, mama," alijibu Mwenyekiti akiwa bado kizingitini, sauti ya mkutano wa hadhara. "Mguu unawasha ndani ya plasta, nyonga inavuta, na hili gongo la kushoto linanichubua kwapa."

Mama Kunegunda aliinua mkono kutoka kwenye shuka.

"Kaa kwanza, baba," alisema. "Hata shikamoo hujanipa."

Mwenyekiti akavua kofia, akakaa, akaanza upya.