Zaburi ya Kuokoa Shingo

Jumatatu, 6 Oktoba

Naandika Kiswahili kwa sababu za usalama. Dada yangu Cheryl alizaliwa hapahapa Columbia. Kiswahili anakisikia, ila kukisoma kwake ni kutafuna kokoto.

Leo sambusa za nyama za Mama zimetoweka kwenye friji. Zilikuwa za kina mama wa kanisa. Mwizi ni mimi, Kuria, golikipa hatari kuliko wote Maryland. Nilivaa glavu zangu za golini nisiache alama za vidole. Hata FBI wangekuja wangerudi mikono mitupu.

Mama ameuliza. Nimesema nilimwona Method akitoka jikoni. Method ni Mtanzania wa ghorofa ya juu, kipa wa akiba, mpole kama uji wa mgonjwa. Jumamosi tunacheza na vijana wa mji wa Falls Church. Nikifungiwa nyumbani, anasimama yeye. Golini kwangu? Labda niwe nimekufa.

Jumanne, 7 Oktoba

Method ameitwa. Kaingia na "Shikamoo mama" na kichwa kainamisha. Mama yangu wa Nyeri haamkiwi hivyo na mtu, akayeyuka palepale. Sisi Wakenya hatuna silaha hiyo. Method akasema nyama ya ng'ombe humtoa vipele. Mama akanusa glavu zangu. Zinanuka dania na kitunguu. Kesi kesho jioni: hakimu Mama, mzee wa baraza Mjomba Ferdinand.

Lakini somo la historia limeniokoa. Kumbe Uingereza ya zamani mwizi alinyongwa bila mchezo, ila mwanaume akiweza kumsomea hakimu mstari wa Zaburi ya hamsini na moja, alihesabiwa kuwa kasisi. Kamba hapati. Anachomwa tu herufi T kwenye kidole gumba, yaani mwizi kwa Kiingereza chao, asirudie ujanja huo mara ya pili. Wengine hata kusoma hawakujua, walikariri tu. Watu wangu kabisa.

Wanawake wenye mimba nao waliahirishiwa kamba. Hiyo hainihusu. Nikalala.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekariri zaburi kutwa nzima, kwenye basi, chooni, kwenye hesabu. Jioni nikaomba kusoma Neno kabla ya hukumu. Mama akapangusa macho, akaniletea Biblia kutoka kabatini. Nikaona nimeshashinda.

Nikaifungua popote, nikatembeza kidole kwenye mistari, sauti nikaitetemesha kama mchungaji. Sikukosea neno. Cheryl akaacha kutafuna.

Mjomba Ferdinand akaniomba nirudie ule mstari wa pili, pole pole, na kidole kisisogee. Nikarudia. Akacheka mpaka akashika meza.

Biblia ilikuwa ya Shosho, nyanya yetu. Ya Kikuyu. Mimi Kikuyu najua salamu na matusi mawili, na nilikuwa nimeisoma kwa Kiswahili safi.

Mama akasema hongera, leo nyumba imepata mtafsiri. Hukumu: Jumamosi sitoki, Jumapili naosha masufuria ya kanisa. Cheryl akanishika mkono akanichora T kwenye gumba kwa kalamu isiyofutika. Alisema kwa Kiingereza kwamba na yeye husikiliza somo la historia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama amemwazima Method glavu zangu. Method kadaka penalti. Mjomba amepiga simu kunieleza mara tatu, mara zote akicheka. Eti mpigaji alisita kwa sababu ya harufu ya sambusa. Basi aliyedaka ni mimi.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika kwenye simu, jikoni kwa kanisa, vidole vina sabuni. Masufuria yananifika kifuani. Nimekoma kuiba. Nimeapa.

Sufuria la mwisho lilikuwa na mfuniko, na chini yake pilau yenye minofu. Nikajua wamesahau. Nimeiokoa isiharibike.

Sasa namsikia Mama ukumbini anauliza ni nani aliyegusa chakula cha mchungaji. Sauti inakuja huku. Zaburi haifai tena, T bado iko kwenye gumba, nimesugua hadi ngozi imechubuka.

Lakini akili haijalala. Nimewakumbuka wale wanawake walioahirishiwa kamba. Nimeinama kuokota sabuni, kifungo cha shati kikaruka chenyewe.

Hakimu aangalie tumbo kwanza.